Umepita Nini?

Nimezaliwa Mkomani, kwenye vichochoro
ambamo watu wawili wakikutana
mmoja huegemeza bega ukutani.
Mjomba Shekuwe alikuwa na punda watatu na neno moja:
“Simile! Simile, ndia!”
Aliita kabla ya kona, si kwenye kona.
Sikumuuliza kwa nini.
Mtoto haulizi kitu ambacho hakijawahi kumwangusha mtu.

Nina miaka thelathini na mmoja, niko Malindi,
juu ya duka la magodoro, chumba cha dirisha moja,
mbele ya meza iliyochorwa mji:
mizunguko, vivuko, taa za karatasi,
na kigari cha plastiki kilichokosa gurudumu.
“Toka stesheni, nenda hospitali,” akasema Mwalimu Dhahabu,
“na useme kila unalofanya.”
Nikakisukuma. Nikaangusha njiti ya kiberiti.
“Huyo,” akasema, akiisimamisha tena,
“ana watoto wanne.”

Juma la tatu tukatoka mjini.
Tukavuka daraja la Sabaki, mto rangi ya chai ya maziwa,
mikono yangu imeung’ang’ania usukani
kama mpini wa ndoo iliyojaa.
Klachi, gia, kioo. Klachi, gia, kioo.
Malori ya chumvi yalikuja kutoka Gongoni
yakanipungia upepo, gari likatikisika.
Sikuyumba. Nikajisifu kimoyomoyo.
Simu ikalia mkobani.
Sikuipokea, Mungu shahidi.
Niliutazama mkoba tu.

Karibu na Mambrui akaniambia, “Egesha.”
Nikaegesha vizuri, indiketa na yote.
“Umepita nini?”
Nikadhani mzaha.
“Msikiti. Kibanda cha mahamri.
Bodaboda mbili, moja imebeba kabati.
Mbuzi mweusi, kamba ndefu.”
“Na nini?”
“Bango la rangi za nyumba.”
“Na nini?”
Nikanyamaza.
“Na mtoto,” akasema.
“Mtoto gani?”
“Geuza gari.”

Tukarudi mwendo wa jeneza.
Alikuwepo bado. Miaka sita, labda saba,
kaptura ya shule, ndara moja mguuni,
ya pili iko katikati ya lami
naye anasubiri barabara impe ruhusa.
“Tulipopita,” akasema Mwalimu, bila ukali wowote,
“mguu mmoja ulikuwa umeshashuka.”

Hakuna kilichotokea. Naliandika hili kwa sababu hiyo.
Hakuna breki iliyopiga kelele, hakuna khanga iliyotupwa juu ya mtu.
Mbuzi alikuwa anakula.
Nilishuka, nikatazama kulia, kushoto, kulia,
nikaiokota ndara, nikampelekea.
Akasema ahsante, kwa adabu,
kana kwamba nilikuwa nimemwona.

Usiku nikampigia mama, Lamu.
“Mbona hukupokea? Nikajua umeshakufa.”
“Nilikuwa naendesha.”
“Si ulisikia?”
“Nilisikia, mama. Kusikia kwenyewe kulizidi.”
Hakunielewa. Mji wake hauna barabara ya kumfundisha hilo;
una punda, na punda husimama wenyewe.
Akaniuliza nimekula nini.

Siku ya mtihani afande alinisogezea kigari kingine,
hiki kina magurudumu yote.
“Toka posta, nenda sokoni.”
Nikataja kioo, nikataja ishara, nikataja mwendo.
Kabla ya kona ulimi ukanitangulia,
chini chini:
“Simile.”
Akainua kichwa. “Umesema nini?”
“Nimesema kuna kona, afande.”

Akaandika kitu.
Sikuona alichoandika. Nilikuwa naitazama njiti ya kiberiti
iliyosimama ukingoni mwa rangi nyeupe,
upande wa kushoto,
peke yake.